Siku moja ya kazi Hamburg: bodi za nyuzi za mbao, kuanzia sakafuni hadi kwenye kenchi

Saa 12:30 asubuhi. Kazi ni sebule ya mita 5 kwa 3.6 na chumba cha darini juu yake. Sebuleni bodi zinatandikwa chini ya lamineti, yaani vipande vya sakafu vinavyoshikana kwa ndimi; darini zinazuia joto na baridi. Bodi hazipakiwi garini leo, zimeshalala ndani ya sebule tangu juzi. Zinahitaji saa 48 katika chumba zitakamotandikwa, joto lisipungue nyuzi 18 na unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 65. Ukizitoa stoo kwenye baridi na kuzitandika papo hapo, zitatanuka au kusinyaa zikiwa zimeshafunikwa, na dawa yake ni kubomoa.

Saa 1:15. Napima unyevu wa skridi, lile tabaka gumu la kusawazisha sakafu. Kile kipimo cha umeme cha kugusisha juu kinafaa kutafuta mahali penye maji zaidi tu. Jibu la kuaminika linatoka kwenye chupa ya kabidi. Nachimba kwa tindo hadi karibu na chini ya skridi, maana juu hukauka kwanza na kukudanganya. Vipande vinapondwa, napima gramu 50, navitia kwenye chupa ya chuma pamoja na gololi za chuma na kichupa cha glasi chenye kabidi. Nafunga, natikisa. Gololi zinavunja kichupa, kabidi inakutana na maji, gesi ya asetilini inatoka na mshale wa geji unapanda. Baada ya dakika 10 nasoma: asilimia 1.7. Skridi ya saruji isizidi asilimia 2.0, au 1.8 ikiwa ina mabomba ya joto. Ya anhidraiti, aina ya jasi, isizidi 0.5. Chupa hufunguliwa dirishani, mbali na moto.

Saa 2:15. Rula ndefu inapita sakafu nzima. Bonde lisizidi milimita 3 kwa kila mita. Bodi hizi humeza punje za saruji na vinundu vidogo, lakini hazijazi bonde. Hilo linajazwa kwa saruji ya kusawazisha na kuachwa likauke. Ukilipuuza, sakafu itadunda mguu ukipita, na ndimi za lamineti zitavunjika moja baada ya nyingine.

Kisha nailoni ya milimita 0.2, karatasi zikipandana sentimita 20 na kubandikwa tepu, kingo zikipanda ukutani. Hiyo ni kwa skridi. Juu ya sakafu ya zamani ya mbao sitandiki nailoni kamwe, kwa sababu unyevu hunaswa chini yake na mbao zikaoza bila mtu kuona.

Saa 3. Bodi za milimita 5, kila moja 790 kwa 590. Eneo ni mita za mraba 18, sawa na bodi 39. Pakiti tatu za bodi 15 zinatosha pamoja na vipande vya kukatwa. Nazilaza kimshazari, maungio yao yasilingane na ya lamineti, kila mstari ukipishana na uliotangulia. Zigusane bila kubanana, na ukutani niache milimita 5 hadi 10.

Wenye nyumba wengi huomba milimita 7 wakiamini nene ndiyo bora. Mimi nashauri 5. Unene ukizidi, maungio hucheza zaidi, na penye mabomba ya joto sakafuni hesabu inakataa: milimita 7 peke yake ina kizuizi cha joto cha takriban 0.10 (kwa kipimo cha m²K/W), na ukiongeza lamineti ya milimita 8 unapita kikomo cha 0.15. Chini ya vinaili nyembamba ya kubana, ile ya vipande vinavyofungana kwa kufuli, bodi hizi sizitumii kabisa, ni laini mno kwa kufuli hizo.

Saa 7 mchana. Kanuni za majengo mengi hapa zinataka kimya hadi saa 9, kwa hiyo msumeno unazimwa. Bodi haziuhitaji: kisu kinachora mstari mara mbili, unavunja.

Lamineti imeshaanza kupangwa, kabari za milimita 10 ukutani. Bomba la hita linapewa tundu lenye nafasi ya milimita 10 pande zote. Skatingi hupigwa ukutani, isikandamize sakafu. Mahali pamoja tu lamineti ikigusa ukuta, mshindo wa miguu unapita hapo hadi kwa jirani wa chini, na bodi zote ulizotandika hazitamsaidia.

Saa 9:15. Darini kuna bodi laini za milimita 160, za kuweka kati ya kenchi. Nafasi ni sentimita 62, nakata 63 ili zijibane zenyewe bila msumari. Barakoa ni lazima, vumbi lake ni jingi. Kwa vyumba vya darini nazipenda kuliko sufi ya glasi: ni nzito zaidi, hivyo jua la Julai, kiangazi hapa Ujerumani, huchelewa kupenya.

Upande wa chumbani inafuata foili ya kuzuia mvuke, ikipandana sentimita 10, tepu kila ungio, gundi ukutani. Penye waya wa umeme ndipo mafundi wengi huharibu. Hewa ya chumbani ikipenya hapo wakati wa baridi hugeuka maji ndani ya bodi, ukungu ukaanza, kenchi zikafuata.

Saa 11. Foili inabaki wazi hadi kesho, maungio yakaguliwe kwa mwanga wa mchana kabla ya jipsamu kuyafunika.