Jina la kwenye tamthilia

Juzi baada ya isha tuko barazani hapa kwetu Langoni, Lamu, mtu akafungua Vitimbi ya zamani, ile tamthilia ya vichekesho ya runinga ya KBC, kwenye simu, sote tukainamia kile kioo kidogo kumtizama Mzee Ojwang na Mama Kayai wakigombana. Kijana mmoja akauliza, kwani huyu mzee jina lake hasa nani? Kimya. Nikamwambia alikuwa akiitwa Benson Wanjau, na hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu, basi pakazuka ubishi mpaka ikabidi tutafute kwenye intaneti. Ile lafudhi yote ya Kijaluo iliyotuvunja mbavu utotoni aliijenga mwenyewe ulimini, mwaka baada ya mwaka, hadi nchi nzima ikaamini ndivyo alivyozaliwa. Mimi huo ndio naita ufundi.

Lakini kuna kitu huniuma. Mwaka 2012 Wakenya walichangishana pesa za kumtibu macho, na Julai 2015 akafariki. Mtu kacheza KBC miaka yote hiyo, kila nyumba yamjua, kisha matibabu ni mchango?

Nayasema haya kwa sababu nna mtoto wa mamangu mdogo ambaye ni mwigizaji. Nimemuona akijifunza skripti amekalia mbuzi akikuna nazi, simu kaiegemeza kwenye sufuria, mkono hausimami na mdomo hausimami, na mamangu pembeni yuwamsomea maneno ya mume. Akifika penye kilio, machozi yanatoka kweli, anageuza uso yasiingie kwenye nazi halafu anaendelea kukuna. Kofi moja la kwenye tamthilia alipigwa mara sita siku ile ya kushuti, maana kamera lazima ihamishwe huku na kule, na kila teki alie vilevile, chozi lishuke palepale, la sivyo vipande haviungani. Aliporudi nyumbani shavu lilikuwa bado limevimba, wala hakulalamika, alisema tu ile ya nne ndiyo iliyotoka vizuri.

Alicheza mke mbaya, yule mwenye fitina. Tangu hapo akipita Mkunguni watoto wamfuata wakimwita kwa jina la mle ndani, na kuna bibi mmoja muuza samaki alikataa kabisa kumuuzia, eti kwa vile alivyomfanyia mkwewe! Yeye alifurahi, alisema hiyo ndiyo tuzo yake. Mimi sikufurahi sana, kwa sababu wakati huo mtaa mzima wamtambua na pesa zake za zile episodi bado hajalipwa, miezi minne, kila akipiga simu aambiwa wiki ijayo, na nauli ya kwenda seti alikopa kwangu.

Siku hizi tamthilia za Kiswahili zimejaa, tangu Maria ya runinga ya Citizen mwaka 2019, zikaja Zora na Sultana, na Kiswahili chetu cha Pwani kinatafutwa. Kazi ipo, alhamdulillahi. Basi na mikataba iwepo, tena iandikwe kwa jina la mtu mwenyewe.

Jumatano ameitwa Malindi, kuna kazi nyengine, safari hii yeye ndiye mama mzazi. Atavuka na boti ya alfajiri hadi Mokowe akapande basi. Mamangu ameshamfungia mahamri, na jana usiku niliwasikia wakisoma ukurasa wa kwanza, mara hii mamangu ndiye mtoto.