Unamkimbia nani?

Maneno mawili tu. Shangazi aliyasema Jumatatu jioni, mikono yote miwili imo kwenye unga wa chapati: "Unamkimbia nani?"

Leo Ijumaa bado yananizunguka. Nilikuwa nimekaa kizingitini najaribu raba mpya. Nilikwenda kuzinunua jioni makusudi, maana mguu ulioshinda umesimama huvimba kidogo, na kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukubana magharibi. Za zamani zilinifunza hilo kwa kucha iliyogeuka nyeusi. Safari hii nimechukua namba moja zaidi, nikahakikisha mbele panabaki nafasi ya upana wa dole gumba, kisha nikapitisha kamba hadi tundu la juu kabisa ili kisigino kisicheze. Nikasimama, nikarukaruka. "Shangazi, tazama zilivyo nyepesi!" Ndipo akauliza.

Sikumjibu. Nilisema nakwenda kuanua nguo. Nguo nilishazianua tangu mchana.

Nyinyi mnaonisoma tangu Ramadhani mnajua nilitoka wapi na begi moja, na mnajua ni shangazi huyuhuyu aliyenifungulia mlango usiku ule bila swali hata moja. Usiku ule hakuuliza, leo aje aulizie raba? Baadaye aliniita chai kwa sauti yake ya siku zote. Alinitania? Au ni swali alilolifungia kifuani miezi yote hii? Wiki hii bosi kahamishiwa Dodoma, binamu kaolewa Pangani, na mimi nimeshinda na maneno mawili.

Jana alfajiri nikazivaa, nikatoka Chumbageni, hapa Tanga, kuelekea Raskazone, bahari mkono wa kushoto, Kisiwa cha Toten bado kipande cha giza juu ya maji. Wenye baiskeli wananipita na kengele zao. Mwanzoni nilisikiliza miguu tu. Soli inabonyea na kurudi, vidole vina nafasi, wa kushoto unachoma kidogo pale kwenye mshono. Halafu, karibu na mteremko, akanijia baba.

Marehemu alikuwa hachoki kuzisimulia zile mbio za Christchurch, New Zealand, 1974: Filbert Bayi wetu wa Tanzania kashika mbele mita 1500 zote, John Walker, mwenyeji, nyuma yake anamfukuza hadi mwisho, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mimi mtoto mdogo nikamuuliza, "Baba, kwani alikuwa anamkimbia nani?" Baba alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Miaka mingi baadaye, akiniona natoka mbio kwenda shule, lazima alirudie.

Na siku ile shangazi alikuwepo. Namwona kabisa, kwenye mkeka, anachambua mchele.

Nilisimama pale pale barabarani. Kama ndivyo, alikuwa ananitajia kaka yake, kwa njia yake ile ya kutomtaja jina tangu tumzike. Na mimi nikakimbilia kamba ya nguo! Nilirudi nyumbani kwa kasi ambayo sijawahi kuipata, jibu liko mdomoni: "Namkimbia Walker." Nikakuta mlango una kufuli. Kashapanda basi la Pangani kwenye shughuli, harudi mpaka Jumapili, na jambo hili si la kulisema kwenye simu.

Mbingu imekuwa nzito tangu adhuhuri. Ule mwembe wa jirani umezidi kuinamia bati letu upande wa jikoni, na jirani mwenyewe nimempigia mara tatu hapokei.