Dawa yake, sindano yangu

Kwetu Wete, Pemba, nyuma ya mlango wa uani, pana mitungi miwili, mdogo ndani ya mkubwa, na katikati yake mchanga ulioroweshwa. Mgeni akitaka kuchota maji humo, mama humwahi: "Humo mna roho ya mwanangu." Humkanya asitishe watu, lakini hasemi uongo sana.

Nina miaka 17. Kisukari kilinipata nina 11, kile ambacho kongosho limeacha kabisa au karibu kabisa kutoa insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, bila sindano huishi. Nilikuwa nikinywa maji sishibi, nakonda, na sisimizi wakajaa chooni. Bibi akasema ni husda. Mama hakubishana naye. Asubuhi alininywesha kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, mchana akanipeleka hospitali.

Tangu hapo sindano akaishika yeye. Skuli alikuwa akija wakati wa mapumziko na kibakuli cha muhogo, anakaa chini ya mwembe kunitazama mpaka nimalize, na wenzangu wakipita wanakohoa. Usiku tulilala kitanda kimoja. Kila saa nane mkono wake ulipita shingoni kwangu kutafuta jasho, maana sukari ikishuka usingizini, mara nyingi jasho la baridi hutoka. Mkono ule umeniamsha nikiwa na sukari ya 2 na nukta kadhaa, chini mno, si mara moja. Hilo simnyimi. Ila nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa nimeshachoka, na daftari la vipimo nikawa naliandika namba nzuri za kubuni: 6, 7, 6, 7. Nikidhani hajui.

Kaskazi ya mwaka huo ilikuwa na joto la kuchoma. Dawa tulikuwa tukiiweka friji ya jirani. Mama, kwa kuogopa, akaomba chupa isogezwe juu, ikagusane na barafu. Kwake yeye, baridi ikizidi ndiyo usalama kuzidi. Ikaganda. Ilipoyeyuka sisi hatukuona tofauti, tukaendelea kuchoma. Siku ya pili nikaanza kutapika, nahema kama niliyetoka mbio, na pumzi inanuka matunda yaliyochacha. Kipimo hakikutoa namba, kikaandika HI, yaani sukari imepita pale kinapoweza kusoma.

Siku ya kutoka hospitali muuguzi alituweka kitako sote wawili, akatueleza. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kiasi cha siku 28, joto lisipite nyuzi 30. Mama alisikiliza kimya. Jioni, ulipofika wakati wa kuchoma, alinipa sindano, yeye akageukia ukutani.

Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Nikajua pia kwamba hofu ikipungua ataidai tena, na mie sikutaka kuirudisha wala sikutaka abaki anatazama ukuta. Nikamwambia, "Mama, dawa iwe yako, sindano iwe yangu." Ndipo ikaja ile mitungi, ya kuwekea dawa. Aliiweka penye kivuli na upepo, akawa anamwagia mchanga maji asubuhi na jioni, kwa sababu baridi yake hutokana na maji kukauka. Masika, hewa ikiwa nzito, hupoa kidogo tu. Siku hizo utamwona kila saa anaingiza kiganja. Tarehe ya kufungua chupa huiandika mlangoni kwa mkaa.

Upande wangu: insulini zangu ni mbili, navuta kwanza ile angavu kama maji, kisha ile nyeupe kama maziwa, ambayo huiviringisha viganjani na siitikisi. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, halafu tumbo, maana ukichoma pahala pamoja kila siku panafanya uvimbe. Na sharti nililompa ni moja: namba asiigombe. Nikisoma 16, hata kama iko juu, aseme "haya," basi, tutafute sababu. Hapo akacheka. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniandikia sita saba?"

Ramadhani hatukuelewana upesi. Nilitaka kufunga kama wenzangu, dakta akakataa, mama akakataa mara mbili. Mwishowe akawa anapima kibaba cha mchele kila siku kwa ajili ya fidia yangu, na kukipeleka kwa mwenye kustahiki nakwenda mwenyewe.

Mwaka jana nikapata skuli ya Unguja yenye dahalia, yaani bweni. Mama alisema hapana kwa wiki nzima. Nikamwomba jaribio: nilale chumba cha pili, simu iniamshe saa nane, nipime, nigonge ukuta mara mbili. Usiku wa kwanza simu ililia nikamkuta keshasimama mlangoni. Wa tano aligonga yeye kwanza. Wiki ya tatu niligonga sikujibiwa, alikuwa anakoroma.

Tulivuka pamoja kutoka bandari ya Mkoani. Dahalia alimshika mkono msichana wa kitanda cha jirani, akauweka shingoni kwangu. "Hapa. Pakiwa na jasho la baridi, muamshe. Akiweza kumeza, mpe maji ya sukari. Hawezi, usimtie kitu kinywani, kaite watu wazima." Mie nilitamani ardhi inimeze. Yule msichana alimsikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza mie.

Likizo niliporudi, mchanga wa mitungi ulikuwa umelowa chepechepe. Muhula mzima dawa yangu ilikuwa kwenye friji ya dahalia, humo hamkuwa na kitu. Nikamuuliza alikuwa akimwagia nini.

"Ungekuja ghafla je?" akasema, akaenda kuteka maji.