Nilivyorudishiwa kodi ya kufua sare

Nafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi hospitalini Birmingham. Sare nafua mwenyewe nyumbani, nyuzi 60, peke yake, maana siwezi kuichanganya na nguo za watoto. Miaka mitano sikujua kwamba Uingereza ina nafuu ya kodi kwa jambo hilo.

Nilipopata habari nilikimbilia wakala. Akataka karibu nusu ya pesa. Nusu! Kwa kujaza fomu tu? Nikamwacha.

Nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, sehemu ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Bure kabisa. Masharti: uwe unalipa kodi ya mapato, sare iwe ya kazi hasa (suruali nyeusi ya kawaida haihesabiwi), na mwajiri asiwe anakufulia wala kukulipa gharama za kufua. Kazi nyingi zina kiwango cha pauni 60 kwa mwaka. Sisi wasaidizi wa wauguzi ni 125.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Hizo 125 hupewi mkononi, ila hazikatwi kodi. Kwa anayekatwa asilimia 20, ni pauni 25 kwa mwaka.

Unaruhusiwa kurudi nyuma miaka minne ya kodi, nami nikapata pauni 100. Mwaka unaoendelea hawakunitumia pesa, walibadilisha msimbo wangu wa kodi, yaani namba inayomwambia mwajiri ni mapato kiasi gani hayakatwi kodi: kutoka 1257L ukawa 1269L. Nilipouona kwenye karatasi ya mshahara nilishtuka, nikadhani nimeharibu kitu.