Siku Moja ya Mhadhiri wa Muziki: Sikio Kwanza, Karatasi Baadaye

Saa 12:00 asubuhi

Kabla korido hazijajaa watu, ofisi ni yangu na hedifoni. Saa mbili hizi ndizo za utafiti. Zikishapita, siku inakuwa ya wanafunzi na mikutano. Ninachofanya ni kunukuu rekodi, yaani kusikiliza muziki ambao haukuandikwa popote na kuuweka kwenye noti. Kazi hii haina njia ya mkato. Nachukua kipande cha sekunde chache, napunguza kasi, nafuata mkono wa kushoto wa mpigaji peke yake, kisha wa kulia, kisha narudi tena mwanzo kutafuta pigo la kwanza liko wapi hasa.

Rekodi ya sasa ni ya timbila, marimba za Wachopi wa kusini mwa Msumbiji, ambazo hupigwa na kundi zima la wapigaji. Hapa ndipo mistari mitano ya noti inaponibana. Wanamuziki hupima umbali kati ya sauti kwa senti, na oktava moja, yaani umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake, ina senti 1200. Timbila hukaribia kuigawa oktava hiyo katika hatua 7 zinazolingana, kila hatua senti kama 171. Noti tulizozoea zimejengwa juu ya hatua za senti 100 na 200. Nikiandika re au mi bila maelezo, msomaji ataimba kitu ambacho mpigaji hakukipiga. Kwa hiyo kila nukuu yangu huanza na jedwali la vipimo, hata kama wahariri wangependa niliondoe.

Kipimo hicho cha senti tumeachiwa na Alexander Ellis, mtafiti Mwingereza. Mwaka 1885 alikitumia kulinganisha mizani za muziki za mataifa mbalimbali, akahitimisha kwamba hakuna mizani moja ya asili inayofuatwa na wanadamu wote. Kila muhula nawaambia wanafunzi jambo hilo, maana wengi hufika chuoni wakiamini kwamba noti za kinanda zilikuwapo tangu dunia iumbwe.

Saa 2:00 asubuhi

Mafunzo ya sikio, mwaka wa kwanza. Darasani wamo waliokulia kwenye kwaya, wanaosoma solfa kama gazeti, na wamo waliokulia kwenye kinanda, ambao noti wanaziona vizuri kuliko wanavyozisikia. Siwaanzishi na imla. Nawaanzisha na kuimba.

Leo nusu ya darasa imeshika do, sauti ndefu isiyokatika. Nusu nyingine imeimba mi juu yake bila kinanda chochote, huku nikiwaambia waisogeze polepole mpaka itulie. Ilipotulia, chumba kizima kilisikia: mtikisiko ule kati ya sauti mbili ulitoweka. Wakiwa bado wameishika, nikabonyeza mi ya kinanda. Nyuso zilikunjamana. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, kwani kinanda kimeharibika?"

Kinanda ni kizima. Mi waliyoipata kwa masikio iko senti kama 386 juu ya do. Mi ya kinanda iko senti 400, kwa sababu kinanda kimegawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100, ili mpigaji aweze kucheza katika ufunguo wowote. Ni mapatano, tena mapatano yenye faida kubwa. Ila mwanafunzi asiyejua kwamba ni mapatano atakuja kuwa mwalimu wa kwaya anayeshangaa kwa nini waimbaji wake, kila wakiimba bila ala, huishusha mi. Wengi wao hawajakosea. Wanasikilizana.

Saa 4:00 asubuhi

Somo la ala za muziki. Tunatumia mfumo wa wanazuoni Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, unaopanga ala kwa kitu kinachotoa sauti: mwili wa ala wenyewe, ngozi, nyuzi au hewa. Mfumo mzuri, na bado majumba ya makumbusho yanautegemea. Nikawachorea timbila: vipande vya mbao, chini ya kila kipande kibuyu, na kwenye kibuyu tundu lililozibwa kwa utando mwembamba unaovuma mbao ikipigwa. Basi tuiweke kundi gani? Mbao ni kundi la kwanza, utando ni la pili. Walibishana mpaka kipindi kikaisha, nami sikuwakatiza.

Saa 6:30 mchana

Mwanafunzi wa uzamili kaleta sura ya tatu ya tasnifu. Anachunguza ala zenye mvumo wa aina hiyohiyo, na kabla ya kupima sauti zake alizipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele. "Nilizisafisha, Dokta, ili noti zisikike vizuri."

Tulifungua rekodi zote mbili kwenye Sonic Visualiser, programu inayoonyesha sauti kama picha, ya awali juu, iliyosafishwa chini. Ya juu ilijaa mistari myembamba iliyopanda mpaka masafa ya juu kabisa. Ya chini ilibaki na mistari michache mipana, na katikati utupu. Nikamwomba asikilize bila kutazama skrini. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Hii ya pili ni kama ala nyingine."

Ndivyo. Fundi alitoboa tundu, akatafuta utando, akaubandika kwa mikono yake ili mvumo ule uwepo. Mtafiti hana ruhusa ya kuuita uchafu. Sura itaandikwa upya kuanzia vipimo, na nimemwahidi kukaa naye kwenye vipimo vya mwanzo. Najua ni kazi ya wiki nyingi. Afadhali wiki hizo kuliko tasnifu ya ala ambayo haipo.

Saa 9:00 alasiri

Kikao cha mtaala. Hoja ni ileile: kwa nini mwalimu wa fidla afundishe mwanafunzi mmoja kwa saa nzima wakati mhadhara mmoja unabeba watu 200? Kwa sababu mkono unaoshika upinde vibaya haurekebishwi kwa mhadhara. Lazima mtu ausogelee, auone, ausikie. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nitayasema tena kikao kijacho.

Saa 2:00 usiku

Kusahihisha mazoezi ya sauti nne. Kosa linalojirudia ni tano sambamba: sauti ya kwanza na besi zinatembea pamoja zikiwa zimeachana kwa tano safi, umbali kama wa do hadi so. Sipendi kuzungushia kalamu nyekundu na kuandika "marufuku". Sababu inasikika: sauti mbili zikienda hivyo huungana, na sikio hupoteza mmoja wa waimbaji. Katika mtindo huu tunaoujifunza, kila sauti inatakiwa isimame yenyewe. Ziko tamaduni nyingi za kuimba ambamo kuungana huko ndiko kunakotafutwa, na hazijakosea lolote. Kwa hiyo pembeni naandika: "Imba mstari huu na mwenzako. Mnasikika watu wangapi?"

Karatasi moja imenisimamisha. Mwanafunzi kaacha tano sambamba katika mapigo mawili ya mwisho, na chini kaandika kwa penseli kwamba alijaribu kuzitenganisha, akaziimba, na maneno ya pale yanataka watu wote wawe sauti moja. Nimeuimba mstari wake, sauti ya kwanza kisha besi. Yuko sahihi. Nimempa alama zote.