Dola tano za ghorofa ya juu

Mwanangu wa mwisho kaja na karatasi ya shule ya kutia saini: darasa lao litatembelea Bunge la jimbo letu la Maine, hapa Marekani, kule Augusta. "Mama, mwalimu anasema mtu yeyote anaweza kugombea. Kweli?" Nikamwambia kweli, nikaendelea kuchagua mchele. Hajui kwamba nimegombea, tena zaidi ya mara moja, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Wenzangu wa Lewiston mnakumbuka. Kampeni ya kwanza ilinifia kwenye mchujo wa chama wa Juni, na sina la kuisimulia ila hotuba nilizowapa watu waliokuwa wakitazama saa. Inayonirudia ni ile iliyofuata, na wala si siku ya kura. Ni jioni moja ya Februari, theluji magotini, nikisaka dola tano tano.

Maine ina utaratibu wake. Tangu wananchi walipopitisha sheria ya Uchaguzi Safi mwaka 1996, mgombea anaweza kuendesha kampeni kwa fedha za umma badala ya kubembeleza wenye nazo. Ila kwanza aoneshe kwamba ana watu. Kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo, wapiga kura 60 wa eneo lake wamchangie dola tano kila mmoja na kutia saini, kisha karani wa mji ahakiki majina. Sitini tu! Mimi niliyejaza fomu za msaada za nusu ya mtaa, niliyetafsiri kliniki na mahakamani, niliyepigiwa simu usiku wa manane na watu walioishiwa mafuta ya kupashia nyumba joto, nikose sitini?

Kumbe wanaonijua ni wengi, na walio kwenye daftari la wapiga kura ni wachache. Anayesubiri kesi yake ya hifadhi hana kura. Mwenye kadi ya kijani, kile kibali cha ukaaji wa kudumu, hana kura. Nilipanda na kushuka ngazi za zile nyumba za mbao, nikinyweshwa chai kila mlango, na fomu zangu zikibaki nyeupe.

Ghorofa ya juu ya nyumba moja alikaa mama wa Bukavu, Kongo. Habari zilimfikia kabla yangu. Sijakaa vizuri, akafungua fundo la kitenge, akatoa noti ya tano iliyokunjwa ikabaki ndogo kama kidonge, akanipa kwa mikono miwili.

Nikairudisha.

"Mutoto yangu, unakatala franga zangu juu ya nini?"

Nikamweleza. Sheria, uraia, kesi yake, na kwamba jina lake likionekana kwenye karatasi zangu, taabu itamfika yeye kabla yangu. Nilieleza vizuri, ndiyo kazi yangu. Muda wote ule mikono yake haikushuka. Kwetu Kigoma mtu mzima akikupa, unapokea, hata kama ni yai moja, halafu ndiyo unatafuta la kufanya. Maharage yalikuwa yanachemka. Mjukuu aliacha kuandika hesabu zake akanitazama kama mtu anayemwona mwizi lakini hajui kaiba nini.

Mama akanyamaza kidogo, kisha: "Sasa humu ndani, nani iko na franga zenye sheria inakubali?"

Nikamwambia labda yule mzee wa chini.

Akavaa koti juu ya kitenge, tukashuka. Mzee ni wa zile familia zilizotoka Quebec zamani kufanya kazi katika viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Kifaransa alikulia nacho, na majirani wa kuongea nacho walishakwisha, mpaka Wakongo walipofika. Mama alikuwa akimpelekea supu. Pale mlangoni alimsemesha kwa kasi, kidole kikinielekea mimi. Nilichoambulia ni neno "dola". Mzee akanipima juu mpaka chini, akaenda kutafuta miwani, akaja na noti, akatia saini pale nilipomwonesha.

Nilipogeuka niondoke, mkono wa mama ulikuwa umerudi kwenye fundo la kitenge. Nikaharakisha. Baridi ilikuwa kali, tuseme hivyo.

Majina yalitimia, mchujo nikavuka, Novemba nikaanguka. Mwaka 2022 Mana Abdi wa hapa kwetu na Deqa Dhalac wa South Portland waliingia, Wasomali wa kwanza katika baraza lile, nikapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini wiki chache baada ya kuanguka kwangu nilikutana na yule mzee dukani, Lisbon Street, kwenye foleni. Nikamshukuru kwa mchango. Akasema, bila haya hata kidogo, kwamba kura yake alimpa mpinzani wangu.

"Kura ilikuwa yangu," akasema. "Ile tano ilikuwa ya Mama."

Sikumuuliza ana maana gani. Fomu zilikwisha pita kwa karani, na mbele yangu palikuwa na mtu mmoja tu.