Chumba cha Sultani

Mwaka 1989, nikiwa darasa la tano hapa Bagamoyo, mwalimu wa historia alitupa kazi ya kuchora Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman kule Kilwa Kisiwani. Alikuwa ametusimulia mambo yake: karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari, birika la kuogea lenye pembe nane. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Kilwa. Nikachora ukumbi mpana kama uwanja wa mpira, sultani kaketi kule mwisho, mdogo kama sisimizi.

Babu yangu alikuwa fundi mwashi. Dari ikibonyea kwenye nyumba za mawe za mjini, huitwa yeye. Aliuangalia mchoro, akauliza, "Hii dari umeishikiza na nini, bwana mdogo?"

"Babu, hili jumba la sultani."

"Basi ataangukiwa kisultani."

Jumamosi akanichukua kazini. Boriti mpya za mkoko zilikuwa zimelazwa uani, nyekundunyekundu, bado zinanuka tope la mtoni. Akanipa nishike ncha ya moja, akaipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono sita, ikazidi kidogo. "Ukitaka chumba kirefu, jenga mpaka uchoke. Upana anaupanga mkoko."

Jioni akanipakia kwenye baiskeli hadi kwenye magofu ya Kaole. Mimi nilikuwa na hamu ya makaburi ya nguzo. Yeye akanivuta kwenye ukuta wa msikiti. Chokaa ilikuwa imebanduka, matumbawe yako wazi, yana vinyota vidogo vidogo kama kitambaa kilichodariziwa. Nikatia ukucha, mchanga ukamwagika, nikapigwa kofi la mkono. Juu yetu mbingu tupu. Boriti huoza, alisema, mawe yakabaki. Ndiyo maana magofu hayana dari.

Nyumbani nikafuta ukuta mmoja kwa raba mpaka karatasi ikachanika, nikamsogeza sultani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Husuni Kubwa ilikuwa na kuba pia, na kuba haingoji boriti. Babu keshafariki. Habari hiyo ningempelekea mbiombio, hata viatu nisivae.